Akiba ya Mshono wa Nyuma

"Thelathini na nne," alisema Fundi Inchi, akajipiga kiunoni kwa viganja viwili. "Siku ya harusi thelathini na nne. Leo thelathini na nne. Na siku mtakayoniosha na kunilaza, pimeni tu, mtakuta thelathini na nne."

Aliyeambiwa hayo ni nesi wa kliniki iliyo ng'ambo ya barabara, aliyekuja kupimwa sare mpya. Hakuwa ameuliza. Habari za kiuno cha Fundi Inchi hazikuhitaji kuulizwa; mteja alizipata tu, kama kile kifungo cha ziada kinachoshonewa ndani ya shati jipya. Utake usitake, unacho.

Na alikuwa na ushahidi. Chumba chake cha kazi kilikuwa kirefu na chembamba: mashine mbili za kushona, meza ya kukatia, pasi, kioo chenye ufa pembeni, na ukutani msumari mkubwa uliobeba kadi za vipimo vya wateja. Kadi ya chini kabisa, iliyopauka mpaka ikawa na rangi ya chai ya maziwa, ilikuwa yake mwenyewe. Kiuno: 34. Kwa miaka kumi na tisa Fundi alikata suruali zake kwa kadi hiyo, na kwa miaka kumi na tisa suruali zilimkaa. Ungembishia nini?

"Hongera," alisema nesi. "Sasa simama nikupime."

"Unipime mimi?"

"Wiki hii tunapima wanaume wote waliopita arobaini na tano. Una mingapi?"

"Arobaini na nane. Lakini dada, humu ndani mpimaji ni mimi."

"Basi leo pumzika."

Akamvua tepu shingoni kabla hajajibu. Mlangoni alikuwa amesimama kaka yake Fundi, ambaye ni fundi wa makochi kwenye chumba cha jirani. Watu walimwita Springi, kwa kazi yake na kwa umbo lake pia, maana alikuwa mwembamba, mrefu na hatulii. Alikuja na kikombe chake cha chai kama ilivyo ada yake saa nne asubuhi, na alipoona mdogo wake anapimwa, akaegemea mlango vizuri kabisa, kama mtu aliyepata kiti cha mbele.

"Pumua nje," alisema nesi. "Usivute tumbo."

"Sivuti."

"Fundi, mishipa ya shingo imekusimama."

Fundi akaachia. Tumbo likaja mbele kwa utulivu, kama mgeni aliyekuwa amesubiri muda mrefu nyuma ya pazia. Nesi akasoma tepu, akairudia kuisoma.

"Arobaini na mbili."

"Hiyo tepu imechakaa."

"Tepu ni yako."

"Basi umepima juu mno. Mwanamume hupimwa pale mkanda unapokaa."

Nesi akashusha tepu mpaka kwenye mkanda. "Arobaini na moja na nusu."

Springi akapaliwa na chai. Fundi hakumtazama. Aliitazama suruali aliyoivaa, suruali ya kijivu, aliyoikata kwa mkono wake, kwa kadi yake, kwa inchi thelathini na nne, na ambayo kwa wakati huo huo ilikuwa imemzunguka mwanamume wa inchi arobaini na moja na nusu bila kulalamika. Hesabu iligoma. Akili yake ikazunguka chumbani ikitafuta wa kumlaumu, na hapo ndipo alipogundua kwamba mashine ya pili, ambayo ilikuwa ikilia muda wote ule, imenyamaza.

Mashine ya pili ni ya mkewe.

Asiyejua ushonaji aelezwe kidogo. Suruali ya kiume huachiwa kitambaa cha ziada kwa ndani, kwenye mshono wa nyuma, ili mwenyewe akinenepa itanuliwe. Mafundi hukiita akiba. Na humo ndani kazi iligawanywa hivi tangu walipooana: Fundi anakata na kuunga, mkewe anamalizia, yaani vifungo, mapindo, kufumua, kutanua. Suruali ya Fundi, kama ya mtu mwingine yeyote, ilipita mikononi mwa mkewe kabla ya kuvaliwa, na ikarudi mikononi mwake kila ilipofuliwa.

"Mama watoto," alisema Fundi polepole. "Umekuwa ukinifumua?"

"Ndiyo."

"Suruali zote?"

"Zote. Hiyo ya leo nimeitanua mara mbili, akiba ikaisha, nikaongeza kipande."

"Kipande cha nini?"

"Cha lile pazia la chumbani. Rangi zinaelekeana."

Springi akaweka kikombe chini akatoka nje, na wote mle ndani wakamsikia anavyocheka kule barabarani, kicheko cha mtu anayetafuta ukuta wa kujishikia.

"Na hukuniambia?"

"Mwaka wa kwanza nilikwambia. Ukasema kitambaa kimerudi kwa sababu ya maji. Mwaka wa pili ukasema pasi ilikuwa ya moto mno. Mwaka wa tatu nikaona bora nishike sindano yangu ninyamaze."

Mtu wa kawaida akinenepa, suruali humwambia. Fundi alikuwa na mke mwenye mkono mwepesi, na suruali zake zikajifunza adabu ya kunyamaza.

Nesi peke yake ndiye hakucheka. Alikunja tepu akamrudishia. "Kesho asubuhi njoo kliniki. Usile kitu kabla."

*

Kliniki ilikuwa na benchi la mbao, mizani, na bango la meno lisilohusiana na mtu yeyote aliyekuwa pale. Nesi alimfunga mkono akapima presha: iko juu. Akamtoboa kidole akapima sukari: iko juu kuliko kawaida. "Hujafika kuwa na kisukari," alisema, "ila umesimama mlangoni na umeshabisha hodi." Mafuta ya damu yalipimwa pia, nayo hayakutaka kubaki nyuma.

Kisha yakaja maswali.

"Unakaa muda gani kwa siku?"

"Ninakaa kazini."

"Saa ngapi?"

"Kumi na moja. Kumi na mbili kukiwa na sare za shule."

"Unatembea?"

Fundi akafikiri kwa uaminifu. Nyumba yake iko nyuma ya chumba cha kazi. Kutoka kitandani mpaka kwenye mashine ni hatua tisa. Zamani angalau miguu ilikuwa ikikanyaga pedali, lakini mwaka juzi alifunga mota ya umeme kwenye mashine, na tangu hapo hata miguu ilipata likizo.

"Kidogo," alisema.

"Soda?"

"Kidogo."

"Kidogo ngapi?"

"Tatu. Lakini ndogo."

"Mchana unakula nini?"

"Soseji za kukaanga, za pale kona. Na mkate." Akaona uso wa nesi. "Mkate ni laini."

Nesi aliandika, akaandika tena, halafu akauliza kwa sauti ile ile, bila kuinua kichwa: "Katika familia yenu kuna mtu aliyewahi kuumwa utumbo?"

Hapo utani ulimkatikia Fundi kama uzi mbovu.

Baba yake alikufa kwa tumbo. Hivyo ndivyo nyumba nzima ilivyosema, "kwa tumbo," na hakuna aliyewahi kuuliza tumbo gani. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Fundi wakati huo alikuwa kijana anayejifunza kazi, na kazi ya kwanza aliyoifanya peke yake, bila kusimamiwa, ilikuwa kupunguza suruali ya baba. Akaipunguza inchi mbili. Baada ya mwezi akaletewa tena. Baada ya miezi miwili tena. Mara ya nne hakuletewa.

"Baba," alisema. "Ila hatukujua ni nini."

Nesi akampa kikopo chenye kifuniko, akamweleza namna ya kuleta choo, kwamba kuna damu isiyoonekana kwa macho lakini kipimo huiona. Fundi alikibeba kikopo kile hadi nyumbani ndani ya mfuko wa vifungo, akitembea upesi kuliko alivyotembea mwaka mzima.

Majibu yalikuja baada ya wiki. Damu ipo.

"Usijizike," alimwambia nesi. "Inaweza kuwa bawasiri tu. Lakini kuna vinyama vidogo vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo mpana, kama uyoga mdogo. Madaktari huviita polipi. Wanaume huvipata zaidi kuliko wanawake, na wenye kitambi, presha na sukari ya juu, wanaokaa kutwa, ndio hasa. Vingi havina neno. Vichache vikiachwa miaka na miaka hugeuka saratani. Uzuri wake, fundi, ni kwamba hospitali kubwa wana kamera ndogo kwenye mrija. Wakivikuta wanavikata hapo hapo."

"Huo mrija unapita wapi?"

Nesi akamwambia.

Fundi akashukuru kwa heshima zote, akachukua karatasi ya rufaa, akaenda kuibana nyuma ya kadi za vipimo, pale kwenye msumari. Na humo ikakaa.

Tarehe ya kwanza ilimkuta na harusi ya watu, suti sita. Tarehe ya pili ilimkuta na sare za shule. Ilipokaribia ya tatu, mkewe alizima mashine yake adhuhuri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kesho ni tarehe yako."

"Nina sare arobaini."

"Mwezi uliopita ulisema hivyo hivyo."

"Mwezi uliopita zilikuwa sitini. Unaona tunavyokwenda mbele?"

Mkewe hakucheka. Alichukua suruali nyeusi ya Fundi, akaigeuza ndani nje, akaitandaza juu ya meza ya kukatia. Mshono wa nyuma ulionekana wote: alama za nyuzi zilizofumuliwa, mstari baada ya mstari, kama ngazi ya kushukia, na mwisho ukingo wa kitambaa, mwembamba, wenye nyuzi zinazochomoka.

"Angalia," alisema. "Hakuna tena. Miaka yote hii nimekuwa natanua, na sikusema kitu, na hilo ni kosa langu. Nilidhani nakuficha aibu." Akapitisha kidole kwenye ukingo ule. "Kutanua nimechoka, baba watoto, lakini ningeweza. Kupunguza ndiko nisikokuweza. Usije ukanifanya nikupunguzie."

Fundi aliitazama meza. Alijua ni kupunguza kupi. Yeye ndiye aliyewahi kumsimulia.

Akaiondoa karatasi kwenye msumari.

*

Habari za dawa ya kusafisha tumbo tusizirefushe. Inatosha kusema kwamba alikunywa lita nyingi za maji yenye ladha ya sabuni na ndimu, kwamba hatua tisa za nyumba ile aliziendea mbio, na kwamba kufikia jioni alikuwa mtu mweupe rohoni na mtupu kwingineko.

Na yaliyotokea hospitali siku ya pili, tuyaache kidogo. Kuna masimulizi ya namna mbili, na Fundi anayo ya kwake. Tuchukue kwanza lile ambalo halina ubishi, yaani alichosema daktari.

Walikuta vinyama vitatu. Viwili vidogo kama mbegu za tikiti, na kimoja kikubwa kama harage. Vyote vilikatwa pale pale, vikapelekwa maabara. Siku kumi na mbili walisubiri, na katika siku hizo Fundi alikata shati moja likawa na mikono miwili ya kushoto, na mkewe akaifumua bila neno. Kisha daktari akawaita.

"Sio saratani," alisema. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye koti lililopungua kifungo, na Fundi muda wote alikuwa akikitazama hicho kifungo kisichokuwepo kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kumtazama usoni. "Lakini hiki kikubwa ni cha lile kundi ambalo, ukikiacha miaka mingine minane au kumi, siwezi kukuahidi kitu. Umekuja wakati mzuri. Rudi baada ya miaka mitatu tuangalie tena. Katikati hapo, kiuno kishuke."

Mkewe akashusha pumzi ndefu sana, kama aliyekuwa ameishikilia tangu mwaka ule wa pazia.

"Jambo moja lingine," alisema daktari. "Una ndugu?"

"Kaka mmoja."

"Ana miaka mingapi?"

"Hamsini na tatu."

"Kwa kinyama cha aina hii, na kwa habari za baba yenu, naye apigwe kamera. Asingoje mpaka aumwe. Vitu hivi haviumi."

*

Kilichofuata kilikuwa kigumu kuliko dawa ya ladha ya sabuni, kwa sababu kilikuwa cha kila siku. Fundi aliifungua mota akairudisha kwenye boksi lake, akafunga tena mkanda wa pedali, akamtangazia nesi kwamba sasa anafanya mazoezi kazini.

"Vizuri," alisema nesi. "Sasa toka nje utembee."

Akatembea. Nyuzi, ambazo zamani aliletewa, akaanza kuzifuata mwenyewe kwa miguu, dakika ishirini kwenda, dakika ishirini kurudi. Wiki ya kwanza alirudi ametoa ulimi. Wiki ya sita akaanza kurudi na umbea, maana mtu anayetembea huyaona mengi. Soda akawaachia wateja. Soseji za pale kona zilimlilia, naye akazililia, ila mkewe alimwekea kila mchana bakuli la maharage na mboga za majani, na tunda, na jicho. Mwezi wa nne nesi alipita kuchukua koti, akampima bila kuombwa: arobaini kamili. Presha ilikuwa imeshuka. Sukari ilikuwa imerudi nyuma hatua mbili kutoka pale mlangoni.

Ile kadi ya zamani aliitoa kwenye msumari akaandikiwa nyingine, kwa mkono wa mkewe, kwa penseli, ili ifutike.

Ila kaka yake hakwenda.

Mara ya kwanza Fundi alipomwambia, Springi aliinua shati. "Kitambi kiko wapi? Nionyeshe. Hayo ni magonjwa yenu nyinyi mnaovaa pazia."

Mara ya pili alisema ana seti ya makochi ya kumalizia. Mara ya tatu alipigilia misumari kwenye fremu mpaka Fundi akaondoka. Fundi hakuwa mjinga. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na nane. Springi alikuwa amebakiza miaka mitatu kufikia umri aliofia baba yao, na alikuwa ndiye aliyemuuguza. Fundi alimpunguzia baba suruali. Springi alimbeba.

Kwa hiyo siku moja, saa nne asubuhi, Springi alipokuja na kikombe chake, Fundi aliamua kumtoa hofu. Akasimamisha pedali, akasogeza kiti, akaanza.

"Kaka, hakuna kitu pale. Hakuna kabisa. Mimi nilifika, nikajiandikisha, nikavaa lile gauni lao la nyuma wazi. Nikamuuliza nesi wa pale, nani kashona hili, mbona kasahau mgongo? Wodi nzima ikacheka."

"Ulifanya utani?"

"Si unanijua? Wenzangu walikuwa wamejikunyata kwenye benchi kama kuku wa mvua. Mimi ninawatuliza. Jina langu likaitwa, nikanyanyuka, kifua mbele. Daktari akasema, tutakupa dawa ya usingizi. Nikamwambia, daktari, usingizi wa nini saa hizi? Fanya kazi yako, tutazungumza."

Mashine ya mkewe ilikuwa ikienda taratibu pembeni. Alikuwa akipinda mguu wa suruali.

"Na hukusikia woga?" aliuliza Springi.

"Woga? Kaka, moyo ulikuwa unapiga kama siku ya kawaida. Nilikuwa nawaza sare."

Springi aliinamisha macho kwenye kikombe. Alikizungusha, chai ikazunguka. Kisha akasema kwa sauti ndogo, ambayo Fundi hakuwa ameisikia kwake tangu mazishi ya baba, "Basi wewe umejaliwa, mdogo wangu. Mimi sina roho ya hivyo. Mimi nikipita tu mbele ya lile jengo, magoti yanaishiwa." Akanyanyuka. "Ngoja nikamalizie kochi la watu."

Fundi akaona mambo yanamponyoka. Alikuwa amejenga daraja zuri ajabu, na kaka yake amelitazama akaliona refu mno kulivuka. Mtu mwenye busara hapo angebadili wimbo. Fundi Inchi akaongeza sauti.

"Hata ningekuwa natia chumvi," alisema, "muulize shemeji yako. Alikuwepo. Mama watoto, si ulikuwepo?"

Mashine ikasimama. Mkewe akakata uzi kwa meno, akatoa kipande cha uzi mdomoni, akakiweka mezani.

"Nilikuwepo," alisema.

"Unaona?"

"Alijifungia chooni."

Fundi akakohoa. "Ilikuwa ile dawa ya tumbo. Ilikuwa bado inafanya kazi."

"Dawa ilikuwa imemaliza kazi yake tangu alfajiri, shemeji. Alijifungia dakika arobaini. Jina liliitwa mara tatu. Nesi aligonga, mimi nikagonga. Alikuwa analia kule ndani, nilikuwa namsikia, hata mama anayepiga deki alisimamisha kazi akaweka ndoo chini."

"Nilikuwa nanawa uso," alisema Fundi.

"Alikuwa ananipa wosia kupitia mlangoni. Sare za shule ziko kwenye mfuko wa kijani. Suti ya mwalimu imebaki mkono mmoja. Na ule mkasi mkubwa wa kukatia mpe kaka."

Springi alikuwa amefika mlangoni. Akageuka. "Mkasi mkubwa?"

"Ndiyo."

"Huu ulioninyima miaka kumi na tisa? Hata kukata ngozi ya kochi mara moja ulikataa."

"Ngozi inaua makali," alisema Fundi, akiitazama sakafu.

"Na akaniwekea mimi?" Springi alimuuliza shemeji yake, si mdogo wake.

"Wewe. Alisema uuangalie, asije akaushika mtu mwingine."

Springi akarudi akaketi. Hakuwa anacheka, ingawa mdomo wake ulikuwa unajishughulisha na kitu. "Sasa nani alimtoa mle chooni? Walivunja mlango?"

"Hakutolewa." Mkewe Fundi aliichukua suruali tena, akatafuta mahali alipokuwa amefikia. "Alinyamaza. Nikasikia maji. Akafungua mwenyewe, akaniuliza kama macho yanaonyesha. Nikamwambia hayaonyeshi."

"Yalionyesha?"

"Shemeji, yalikuwa kama nyanya. Magoti yanagongana, nikamshika huku, nesi akamshika huku. Lakini aliingia."

Springi alimtazama mdogo wake muda mrefu, kuanzia macho, yale yale yaliyowahi kuwa kama nyanya, hadi magotini, na kurudi. Mabega yake yakashuka kama aliyetua gunia.

"Kumbe na wewe," alisema.

Fundi akaokota kile kipande cha uzi mezani.

"Mimi nilidhani ni mimi peke yangu." Akanywa chai iliyobaki, yote, akaweka kikombe juu ya meza ya kukatia, mahali ambapo siku zote alikatazwa kukiweka. "Shemeji, ile kliniki inafungwa saa ngapi?"

"Saa tisa. Karatasi ya rufaa anaandika yule yule nesi wetu."

"Utakwenda na mimi? Huyu simtaki. Huyu atakuwa anachekesha wodi."

"Nitakwenda nawe."

"Na nikijifungia?"

"Nitakaa mlangoni. Nimeshazoea."

Springi akaitikia kwa kichwa, akasimama, akajipangusa vumbi la sponji magotini kana kwamba safari ni sasa hivi. Na ilikuwa sasa hivi. Mkewe Fundi alikuwa tayari anafunika mashine kwa kitambaa chake na kutafuta viatu.

Fundi Inchi akaona wanatoka wote wawili, wakimwacha na habari mbaya juu ya sifa zake na habari njema juu ya kila kitu kingine. Alifurahi. Lakini kunyamaza hakukuwa katika vipawa vyake.

"Sawa, chooni niliteleza kidogo," aliwaambia kwa nyuma. "Lakini mle ndani, kitandani kwenyewe, na mrija unapita, kaka, sikutikisika hata kidogo."

Mkewe alisimama mlangoni akiwa na kiatu kimoja mkononi.

"Ulikuwa umelala, baba watoto," alisema. "Na dawa yenyewe ya usingizi uliomba mara mbili."